Mkataba wa Goti la Cordell

Toledo, Ohio
Machi 14

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe pamoja na Mama. Natumaini nyonga yako imetulia sasa baridi inapoondoka, na kwamba Mama anameza dawa zake za sukari bila kusubiri kukumbushwa na jirani. Mimi ni mzima. Gazeti bado linanituma mahakamani karibu kila siku, na mahakimu wa huku wanapenda kusikia sauti zao kuliko wahubiri wetu wa Mississippi. Theluji imeanza kuyeyuka na mitaa ni tope tupu. Zile karanga za pekani mlizotuma zilifika salama. Cordell alizila karibu zote akiwa jikoni kwangu, mguu juu ya kiti, barafu gotini.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini tunajuana, Baba. Jambo likikukera kwenye simu unasema, "Ngoja uongee na mama yako," halafu mimi nabaki kuulizwa kama nakula vizuri. Kwa hiyo naandika.

Latrice alinipigia wiki iliyopita kutoka huko nyumbani. Anasema ulikuwa kwa kinyozi Purvis, wakakuuliza habari za Cordell na klabu yake ya futiboli ya Kimarekani, nawe ukajibu mbele ya watu wote kwamba ungekuwa wewe ndiye meneja, usingempa mkataba wa miaka mitatu mbeba mpira aliyepasuliwa goti, hata kama ni mwanao. Purvis akasema, "Kocha huyu hana watoto, ana wachezaji." Watu wakacheka. Latrice alidhani na mimi nitacheka. Nilikaa nayo hadi asubuhi, nikaona afadhali uyasikie mambo haya yote kwa mpangilio kutoka kwa mtu aliyekuwapo.

Goti lilikatika Novemba ya mwaka juzi. Uliona kwenye televisheni, lakini nataka ukumbuke ilivyokuwa. Tulikuwa mbele kwa pointi kumi na saba na mechi ilikuwa inakwisha. Angeweza kutolewa, akaingizwa wa akiba. Wakampa mpira, wakampa tena, wakampa tena, kwa sababu mbeba mpira akiangushwa ndani ya uwanja saa ya mechi inaendelea kutembea na watu wanarudi nyumbani mapema. Mara ya tatu lijitu la ulinzi likamwangukia ubavuni mwa mguu. Kano mbili zilikatika. Alikatika goti ili saa itembee, Baba. Hakukuwa na kingine cha kushinda pale.

Alipona. Unajua alivyopona, maana uliona mechi ya Oktoba aliporudi, na ulinipigia wewe mwenyewe usiku ule ukisema, "Umemwona huyo mtoto? Umemwona?" Alicheza hadi mwisho wa msimu bila kukosa mechi.

Sasa kuhusu mkataba. Huko Purvis mnazungumza kana kwamba Cordell amekwenda kuomba hisani. Hakuomba hisani. Kiangazi cha kabla ya kuumia, alikuwa ameongoza ligi nzima kwa kubeba mpira huku akilipwa mshahara wa mtoto aliyetoka chuo jana. Aliomba nyongeza. Klabu ikasema nyongeza haipo. Wakala wake, Gwen Sadowski, akasema sawa, basi badala ya nyongeza andikeni kifungu: akiumia akiwa kazini kwenu, akapona na kucheza tena, mtampa mkataba mpya wa miaka mitatu, unaolipwa hata goti likikatika mara ya pili. Waliandika na kutia saini wakicheka. Walikuwa wanaokoa pesa mwaka ule. Kwa hiyo kile anachodai alikwisha kukinunua, na alilipa kwa mshahara wake.

Wiki mbili zilizopita walituita. Cordell aliniomba niende naye kama dada, si kama mwandishi, nami niliacha kalamu kwenye gari. Meneja mkuu, Todd Harnish, alitupokea kwa kahawa na mikate mitamu. Ni mtu wa kushika bega. Alisema pale klabuni wanampenda Cordell kama familia, ila mwaka huu wanaweza kumpa mwaka mmoja tu, na sehemu kubwa ya malipo itakuwa kwa kila mechi atakayocheza. Akikaa nje ameumia, halipwi. Gwen akamuuliza ni familia ya aina gani inayowalisha watoto siku wanazokuwa wazima tu. Harnish akacheka kidogo, akaongeza sukari kwenye kahawa yake.

Halafu akatoa maneno yale yale unayoyatoa wewe. Wabeba mpira huchakaa mapema. Cordell ana miaka ishirini na sita, yuko ukingoni. Fedha za mishahara zina kikomo kilekile kwa kila klabu, na dola anayopewa mbeba mpira inamtoka mtu wa mstari wa mbele anayemfungulia njia. Sibishi, Baba. Miguu huchakaa kweli, na kikomo kipo kweli. Lakini nani aliyeichakaza? Walimtuma kugonga ukuta wa walinzi mara mia tatu kwa msimu alipokuwa rahisi, na sasa mbio zilezile wanazihesabu kama dosari yake. Mtu akiazima lori lako, akalipakia mawe miaka minne, halafu akakwambia halinunuliki kwa sababu limebeba mawe, utamwitaje?

Na kuna jambo ambalo Purvis hajakuuliza. Mrusha mpira wao, Brock Lindgren, alipasuliwa bega majira yaleyale ya baridi, na daktari yuleyule. Yeye walimpa miaka mitano kabla hajarusha hata mpira mmoja. Magazetini walisema hiyo ni imani. Sina ugomvi na Brock, ni kijana mstaarabu, alimletea Cordell supu hospitalini na kukaa naye hadi wauguzi wakamfukuza. Lakini bega limeitwa imani na goti likaitwa hatari, na anayelifungulia bega lile mwanya wa kurusha ni yule mwenye goti.

Gwen aliwaacha wakamaliza, kisha akaweka kile kifungu mezani. Harnish hakushtuka. Alisema kifungu kinafutika ikiwa mchezaji alificha jeraha la zamani wakati wa kusajiliwa. Daktari wa klabu akasema kwamba goti hilohilo liliumia Cordell akiwa sekondari, akacheza nalo likiwa limevimba, na hakumwambia mtu. Alitaja mechi yenyewe. Alitaja hadi mvua. Gwen akamgeukia Cordell. Mimi pia nikamgeukia, maana nilikuwa sijawahi kusikia habari hiyo. Cordell alikuwa anatazama mkate wake. Alisema tu kwamba angependa kwenda nyumbani.

Kwenye gari nilimuuliza walijuaje. Tulivuka daraja la mto Maumee. Kisha akasema, "Ni Baba. Lakini usimwambie."

Unamkumbuka Dwight Ostrander? Ndiye yule bwana wa klabu aliyekuja hapo nyumbani Januari ya mwaka jana, Cordell akiwa bado anatembelea magongo. Ulinisimulia kwa furaha. Uliniambia ni mtu mwenye adabu, alivua kofia, alikula vipande vitatu vya kambare wa Mama akaomba na mkate wa mahindi. Alitaka kujua Cordell alikuwa mtoto wa namna gani. Lakini Cordell ndiye aliyeniambia kwamba Mama alipoondoka mezani ulimpa hadithi yako bora kuliko zote, ile usiyotusimulia mimi na Mama: mechi ya nusu fainali kwenye tope, goti la Cordell limefura kama tikiti maji, wewe ukalifunga kwa utepe katika chumba cha kubadilishia nguo, ukamrudisha uwanjani, naye akafunga la ushindi na hakusema neno, si kwa daktari, si kwa mama yake. Ulikuwa unamsifu. Najua ulikuwa unamsifu, kwa sababu kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo, na kila kocha kuanzia hapo kwetu Pickett Springs hadi Jackson anayo ya kwake. Ostrander alikushukuru, akarudi Toledo, na sifa yako ikageuka silaha yao.

Nimeketi mahakamani miaka mingi na nimeona watu wakifanya mabaya. Sikumbuki lililonichukiza kama mtu kukaa kwenye meza ya Mama, kula chakula chake, na kumkamua mzee maneno ya kumwangamizia mwanawe.

Nilimwambia Cordell twende kwa msuluhishi wa kesi za mikataba. Gwen alisema hivyohivyo. Kwa maoni yake kesi ile tungeishinda: mtoto wa miaka kumi na sita aliyevimba goti na hakupelekwa kwa daktari hajaficha jeraha, ametii tu mkubwa wake. Hapo ndipo Cordell aliposimama. Akauliza ni nani atakayeapishwa kueleza hayo. Gwen akasema, "Baba yako, nani mwingine?" Akamweleza bila kuzunguka kwamba mawakili wa klabu watakuuliza wewe ulikuwa unajua nini kuhusu lile goti, na kwa nini ulimrudisha mtoto uwanjani, na kama ungemrudisha mtoto wa mtu mwingine.

Cordell akasema, "Hamtamuuliza baba yangu hayo mbele ya watu." Gwen alimweleza anachokitupa. Nilimweleza mimi, kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Akasema, "Dada, nimeshasema."

Alitia saini wiki iliyopita. Mwaka mmoja, malipo kwa mechi. Goti likikatika tena Septemba, Oktoba hana kitu, na miaka mitatu aliyoinunua kwa mshahara wake imekwenda. Ameiacha ili usikalishwe kwenye kiti cha shahidi. Na siku alipokuwa anaiacha, wewe ulikuwa kwa Purvis ukiwaambia watu kwamba klabu ina haki.

Amenikataza nisikwambie. Nimekwambia kwa sababu nimechoka kuona kila mtu katika familia hii akimkinga mwenzake kwa kunyamaza, na anayelipa ni mmoja. Barua hii usimsomee Mama kabla hujamweleza mwenyewe habari ya mechi ile. Ni haki yake aisikie kwako.

Sina mengi zaidi. Msalimie Mama sana, mwambie gauni alilonishonea nalivaa kila Jumapili na wazungu wa kanisani huku wananiuliza nimelinunua wapi. Msalimie Latrice na wanawe, na Mchungaji Gatlin, na wote watakaoniulizia. Mungu awatunze, akupe nafuu ya nyonga.

Cordell huwa nyumbani jioni. Mpigie. Hatakulaumu, na usianze kumwomba radhi, maana atakata simu. Muulize goti linamuuma kiasi gani. Atasema haliumi. Muulize tena, kisha unyamaze umngoje.

Ni mimi binti yako,
Renita Magee