Turubai Nililomshonea Mamluki

Magoudjou, Moroni, 1980

Dada yangu Roukia,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mutsamudu, wewe, shemeji Charif na watoto, na goti lako liwe limepoa. Sisi miili ni mizima. Kichwa changu ndicho nisichokielewa.

Mdogo wetu Mouhidine alikamatwa kwa maneno aliyoyasema sokoni juu ya mamluki hawa wa Kizungu wanaomlinda rais. Hatukuambiwa alikofungwa. Katika hali hiyo, mmoja wa mamluki haohao akaingia kibandani kwangu. Ana kimashua chembamba kiitwacho kayaki, kimefunikwa juu kote isipokuwa tundu la kukalia. Alitaka nimshonee turubai la kuvaa kiunoni, likaze kwenye ukingo wa tundu, ili kayaki ikipinduka maji yasiingie. Nikamuuliza yeye mwenyewe atatokaje. Akacheka, akasema niweke kishikio mbele. Akikivuta, turubai litafunguka.

Nilishona, dada. Pindoni nilitia mpira wa tairi. Kishikio nilikishona, nikakifumua, nikakishona tena.

Akanipeleka pwani ya Vouvouni kulijaribu. Mara ya kwanza alijipindua makusudi, akajiinua kwa kasia, na ndani pakavu kabisa. Mara ya pili kasia lilimponyoka. Kayaki ikakaa tumbo juu, kimya. Watu wa ufukweni wakanong'ona kwamba Mungu amelipa. Kisha turubai likafunguka, akaibuka akikohoa.

Akaniuliza anilipe nini. Nikataja jina la Mouhidine. Juma halikuisha, mdogo wetu akarudi, amekonda, mkono mmoja haunyooki. Aliposikia jinsi alivyotoka, alisema, "Bora ungeniacha mlemle." Hataki kulala kwangu. Anakuja kwako na meli itakayoleta barua hii. Mpokee, mpikie, usimhoji.

Nilimwambia niliyafanya yote kwa ajili yake. Kwako siwezi kusema hivyo. Yule mtu alipoibuka, nilijikuta nimo majini hadi kifuani, nimemshika mkono, nalia kwa furaha. Mouhidine sikuwa nimemkumbuka hata kidogo. Nilimkumbuka baadaye, nilipoulizwa malipo. Wewe uliyetulea sote wawili, niambie mimi ni mtu gani, maana nimejiuliza nimechoka.

Nisalimie shemeji na majirani wote wanaoniulizia, na wabusu watoto.

Ni mimi nduguyo,
Zaïdou, fundi cherehani