Maelezo Kuhusu Sentensi Iliyofutwa Kwenye Mwongozo wa Orodha ya Hitilafu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Penina Yoramu Chilewa. Umri: miaka 29. Kabila: Mgogo. Dini: Mkristo. Elimu: kidato cha sita. Kazi: mwandishi wa miongozo, kampuni ya Nyikani Mifumo, Miyuji. Makazi: Nkuhungu, Dodoma. Tarehe: 26/3/2025, saa 4:15 asubuhi.

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nimefika kituoni kwa hiari yangu. Huwa naandika shajara kila siku, na tarehe na saa nitakazotaja nimezitoa humo.

Kampuni yetu inafuatilia hitilafu za pampu za maji katika vijiji kumi na tisa. Fundi akiona hitilafu anaituma kwa simu, inaingia kwenye programu ya orodha na kupewa namba. Kila siku saa 12:00 asubuhi wakala wa akili mnemba, ambaye ni programu nyingine inayofanya kazi bila kusimamiwa na mtu, anaiomba hiyo orodha na kuwapangia mafundi kazi. Wakala hajui namna ya kuomba mpaka asome mwongozo. Mwongozo huo ninauandika mimi.

Programu ya orodha ina tabia moja. Ukiomba hitilafu bila kutaja idadi, inakupa thelathini zilizoingia karibuni, basi. Haikuambii kama kuna nyingine zimebaki. Mwongozo wangu wa Januari ulikuwa na sentensi hii: "Taja idadi kila mara, usipotaja utapewa thelathini tu."

Mnamo tarehe 14/3/2025, saa 8:05 mchana, nilipigiwa simu na Seth Bartolomayo, fundi wa pampu katika kijiji kimoja jirani na Buigiri. Alisema, "Dada Penina, lile bomba langu lenye shoti mbona halijapangiwa fundi umeme? Siku ya kumi na moja leo." Niliangalia orodha ya wakala, sikuliona. Nikamwambia halikufika, atume tena. Akasema, "Lilifika, dada. Nina namba yake, mia mbili na kumi na mbili. Nikituma tena si nitaonekana mimi ndiye mchelewaji?" Sikumwomba anisomee alichoandika. Nilidhani hakutuma, na kwamba anatafuta pa kujifichia. Katika shajara niliandika: "Seth anasema alituma. Sina hakika naye."

Tarehe 21/3/2025 mama mmoja, Loisi Daudi, alikwenda kuchota maji kwenye pampu hiyo. Alishika bomba, akapigwa na umeme, akafariki pale pale. Kesho yake Seth alikamatwa kwa kutoripoti hitilafu. Nilisikia ofisini kwamba meneja wetu, Halfani, ameleta hapa kituoni nakala ya orodha ya wakala, na hitilafu ya Seth haimo.

Tarehe 24/3/2025, saa 3:10 asubuhi, Halfani alikuja chumbani kwangu. Kwa kawaida akinihitaji hunipigia simu. Siku hiyo alikuja mwenyewe, akafunga mlango.

"Dada Penina, ile sentensi ya thelathini irudishe. Na tarehe iache ile ile ya Januari."

Nilimuuliza tarehe inahusu nini.

"Usianze upolisi, bwana. Ni usafi wa nyaraka tu."

Nilimjibu nitaifanya baada ya chai. Sikwenda kunywa chai. Nilitafuta kwenye kompyuta ya ofisi nakala ya orodha aliyoileta kituoni, nikahesabu hitilafu zake mara tatu. Ni thelathini kamili. Hapo nikaelewa anachotaka. Sentensi ikionekana ilikuwepo tangu Januari, kila mtu ataamini kwamba wakala aliomba zote, na zote ni hizo thelathini. Maana yake Seth hakuripoti.

Niliamini sentensi hiyo Halfani aliifuta mwenyewe. Tarehe 25/3/2025, saa 2:30 asubuhi, nilifungua kumbukumbu ya mabadiliko ya mwongozo ili nimkamate. Imeandikwa kuwa sentensi ilifutwa tarehe 26/2/2025, saa 5:40 asubuhi, kwa jina langu. Nikadhani alitumia nywila yangu. Nikafungua shajara ya siku hiyo. Mwandiko ni wangu: "Halfani anataka kurasa nne ziwe moja, eti wakala anausoma upya kila asubuhi na anachelewa. Kasema, 'Mashine haisomi barua ya uchumba, dada.' Tumecheka. Nimefuta yaliyo dhahiri."

Niliiona sentensi hiyo kuwa dhahiri kwa sababu mtu akifungua orodha kwenye kompyuta anaona chini kitufe cha kuendelea. Wakala haoni kitufe.

Siku hiyo hiyo, saa 7:00 mchana, niliomba orodha yote ya hitilafu ambazo bado hazijatengenezwa. Zilitoka hitilafu sabini na moja. Namba 212 imo, imetumwa na Seth tarehe 3/3/2025, saa 2:20 asubuhi: "Bomba linapiga shoti. Watu wanachota hapa. Naomba ruhusa ya kuzima pampu." Ilikuwa baada ya mvua kubwa, na kabla wakala hajaamka kesho yake zilikuwa zimeingia nyingine thelathini na nne juu yake. Fundi haruhusiwi kuzima pampu mpaka apewe kibali na wakala.

Saa 11:00 jioni Halfani alinitumia ujumbe: "Vipi, usafi umekwisha?" Sentensi sijairudisha.

Seth hakuficha hitilafu. Alituma, akapiga simu, mimi nikamwambia atume tena. Halfani aliniambia nifupishe. Cha kufuta nilichagua mwenyewe. Hayo ndiyo ninayoyajua, nimeyatoa bila kushurutishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: P. Y. Chilewa

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Tumsifu, nikamsomea shahidi, akakiri ni sahihi. Nimepokea kwake orodha kamili, kumbukumbu ya mabadiliko, ujumbe wa simu na shajara moja. Jalada limepelekwa kwa mkuu wa upelelezi leo, kwa ajili ya kufikiria kumwachia Seth Bartolomayo. Shahidi ameelekezwa asitoke nje ya mkoa. Aliuliza kama anaweza kumwona Seth. Seth aliulizwa, akakataa.