Niliagwa Kanisani, Bado Sijaondoka

Mpendwa mshauri, naomba unisikie kabla hujacheka. Mimi ni muuguzi wa Mweiga, nimepata kazi Ujerumani, na kwa kuwa kwetu siku ya kuagwa hupangwa na kwaya, kanisa liliniaga mapema kwa mbuzi watatu na maombi marefu, mchungaji akaniwekea mikono, kumbe mkataba wangu haujapigwa muhuri, na nilipoufuata, ofisi ya kazi ikanituma kwa wizara ya mambo ya nje, hao wakataka barua ya kaunti, nayo kaunti ikasema haiandiki kabla ofisi ya kazi haijapiga muhuri, basi nikaona haya kurudi nyumbani, nikajificha kwa shangazi Watiri hapa Gakindu, na hii ni wiki ya saba nachuma kahawa nimejifunga kitambaa hadi machoni, baba akipiga simu namwambia huku ni baridi. Juzi jogoo aliwika tukiongea. Baba akauliza, "Ati huko Ujerumani pia kuko na jogoo?" Nikamwambia ni wa jirani. Hospitali imenipa hadi tarehe thelathini, nisipofika nafasi inakwenda kwa mwingine. Nifanye nini?

Murugi, Gakindu

Murugi, nimecheka, nisamehe. Kisha nikakasirika, na sehemu kubwa ya hasira ni ya serikali. Wakubwa wanatuhimiza majukwaani twende ng'ambo, halafu ofisi tatu zinazopaswa kukusindikiza hazisalimiani. Muuguzi anageuzwa tarishi kati ya watu wenye simu mezani. Raia anayeondoka bado ni raia, na kumsaidia si hisani.

Sasa wewe. Kuagwa mapema si kosa. Kosa ni kujificha. Umeingia kila ofisi peke yako, kichwa chini, kama mwizi wa mkataba wako mwenyewe. Nani angekuogopa? Kanisa zima lilikuwa nyuma yako, nawe ukalikimbia. Na baba yako, ninavyomsikia, anajua. Anangoja tu umwambie.

Mpigie leo. Jumapili simama kanisani wakati wa matangazo, sema hujaenda na kwa nini, kisha uliza nani mwingine amekwama. Watajitokeza. Jumatatu nendeni wote kaunti, mchungaji akitangulia. Msiombe barua. Mwambieni afisa ainue simu aongee na hizo ofisi mbili mkisikia, kisha aandike jina la atakayepiga muhuri, na siku. Akikataa, ketini hapo hapo kwenye benchi za ofisi hadi aandike. Hizo benchi ni zetu.