Usimpime Valerian kwa Tajiri wa Simulizi

Gongo la Mboto,
Dar es Salaam.
Jumapili, 10 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Jenipher,

Huu ni mwaka wa tatu tangu niondoke Muleba, na kabla ya yote nataka kujua hali zenu. Miguu ya mama inaendeleaje? Kifua chako kimepona? Migomba imepata mvua? Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika. Tunamwaga zege kwenye ghorofa moja kule Kinyerezi na winchi imeharibika, kwa hiyo ndoo zinapanda kwa mabega yetu. Namshukuru Mungu, nakula na nalala.

Nimeandika kwenye karatasi kwa kuwa simu ni ya mama, na nikipiga anaweka sauti kubwa nyumba nzima isikie. Maneno haya ni yako peke yako.

Mama ameniambia kwamba mzee Gregori alikuja kama mshenga wa Valerian, yule fundi baiskeli wa njia panda, na wewe ukatoka ukasema mbele yake kwamba mwanamume anayemtuma mzee amsemee mapenzi yake ni mwoga. Mzee wa watu akaondoka bila kugusa kahawa ya kutafuna aliyowekewa. Kwetu mgeni haachi kahawa ila awe ametukanwa. Na Valerian angekuja kujisemea mwenyewe, wajomba wangemfukuza kwa kukosa adabu. Unalijua hilo tangu utoto.

Sasa hilo la uoga umelitoa wapi? Nimelitafuta, nimelipata. Liko kwenye ile simulizi ya tajiri na msichana wa kazi uliyonisifia, ile ambayo mwandishi anaweka kipande kila siku kwenye kundi la wasapu, na kukata palepale mtu anaposhika kitasa cha mlango.

Unajua ninavyopenda kusoma. Niliishia darasa la saba, lakini hata gazeti lililofungiwa vitumbua silitupi kabla sijalimaliza. Ndiyo maana nina hasira. Nimeisoma yote na imenichefua.

Yule tajiri anamfungia msichana ndani, anamnyang'anya simu, anampiga kibao, halafu anamnunulia gauni, na mwandishi anatuambia hayo ni mapenzi mazito. Hapa mtaani mume wa namna hiyo tunamwitia mjumbe wa nyumba kumi. Msichana naye kazi yake ni kuzimia na kuzindukia hospitali. Mama mkwe lazima awe mchawi, na akiwa ametoka kijijini ndiyo kabisa.

Nilikuwa naisoma kwa sauti wakati wa chakula cha mchana kwa Felicitas, mama ntilie wetu. Yeye anampenda huyo tajiri.

"Mwanamume ana wivu hivyo? Mie nampa na ukoko!" alisema huku anapakua.

Nikamuuliza, na mumewe akimfungia ndani, sie tutakula wapi? Akanitishia mwiko. "Wewe Mhaya, soma, acha maswali!"

Za upelelezi ndiyo usiseme. Ninayo moja ambayo mpelelezi anapigwa risasi ya bega asubuhi, na mchana anaruka ukuta na mwanamke juu ya bega hilohilo. Kila ukurasa anaua walinzi. Sadallah, mlinzi wa pale tunapojenga, akanisikia nikiisoma, akaweka kiganja juu ya simu yangu.

"Braza, ngoja kwanza. Huyo wa getini aliyechinjwa alikuwa anaitwa nani?"

Nikamwambia hajatajwa.

"Na yule wa kwenye ngazi?"

Naye hajatajwa.

"Basi zima hiyo takataka. Mie nina zamu leo."

Wenzetu walicheka. Yeye hakucheka.

Nachukia zaidi kwa sababu hawa waandishi wanaweza. Wanajua kukukalisha mpaka ugali unapoa. Kipaji chote hicho kinaishia kwenye magari meusi na miwani.

Sasa la Valerian. Wiki iliyopita alinipigia. Nilijua anataka nimwombee kwako, na nilikuwa tayari kumkatalia, maana moyo ni wako. Hakuomba. Alisema amesikia kwamba umemkataa kwa ajili ya simulizi, je, ninaweza kumtumia na yeye aisome? Nikamtumia.

Jana akapiga tena, amefika katikati.

"Shikamoo kaka. Nina swali. Huyu bwana anafanya kazi gani? Mpaka hapa nilipofika sijamwona akienda kazini."

Halafu akauliza kama kweli wewe unapenda mwanamume wa kukupiga kibao. Alisema nikwambie mapema kwamba hilo yeye hataliweza.

Sikuandikii ili umkubali. Kama humpendi, mkatae kwa sababu zake mwenyewe: meno yake, mama yake, grisi isiyotoka kwenye kucha zake. Hizo ni sababu, na mimi nitazisimamia. Lakini usimkatae kwa kuwa hafanani na mtu ambaye hayupo.

Mzee Gregori atarudi mara ya pili, maana ndivyo mshenga anavyofanya, na kwa kuwa baba hayupo, kinywa cha kumjibu ni changu. Nimemwomba mama asiseme lolote mpaka nifike. Nitatamka jibu utakalonipa wewe, si jingine. Kumwomba radhi yule mzee, hata hivyo, hakuhitaji kunisubiri mimi. Nenda wiki hii, na uende peke yako.

Mpe mama shikamoo yangu. Nisalimie shangazi Kokushubila, na Brightson na wanawe. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake na awape mvua ya kiasi.

Kazi inafungwa tarehe ishirini Desemba. Kesho yake alfajiri napanda basi, na Krismasi itanikuta nyumbani. Siku nitakayofika, kabla sijakaa na mama, nitakuuliza wewe kwanza.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,

Revelian