Mlinzi Anayeuma Mpunga

Baba Neema,

Kwa heshima zote natangaza rasmi: filimbi yako nimeichemsha mara tatu, na sasa naipuliza mimi. Geti la mashine ya kukoboa hapa Ubaruku limepata mlinzi mkuu.

Nilipokuwa msaidizi wako nilikucheka sana. Kazi yako ilikuwa kufungua geti na kulifunga. Nani alikutuma kuchomoa punje kwenye kila gunia, kuiuma, kisha kumwambia mtu, "Mama, huu mbichi, rudi ukaanike"? Mkavu unakatika ka! Mbichi unabonyea. Mimi nilidhani unatafuta tu cha kutafuna.

Ulipofariki nikaapa kulinda geti, basi. Wiki ya kwanza akaja mama mmoja kutoka Madibira na magunia manne. Nikamfungulia. Mchele ukatoka chenga tupu, umevunjikavunjika kwa ubichi. Hakugomba. Alinitazama, akasema, "Marehemu angenirudisha."

Kesho yake nikaanza kuuma.

Tangu hapo naulizauliza: wewe ulianzaje? Fundi wa mashine anasema ulipenda kuamkiwa. Mama Neema anasema nyumbani hakuna aliyekuuliza neno, maana yeye anajua kila kitu. Alicheka, halafu akashika kanga akafuta macho. Mimi nilidhani ulianza kwa kuchoka kukaa tu getini. Lakini kuna babu alininyooshea kiganja chenye punje, akasubiri jibu kama yuko kwa daktari, na mgongo wangu ukanyooka wenyewe. Ndicho hicho? Au ni aibu ya yule mama wa Madibira? Najua ungenijibu, "Wewe Sekela, uma, acha maswali."

Ila tuna bosi mpya. Jumatatu aliniita ofisini: "Mlinzi analinda. Nikikukuta tena na punje mdomoni, utafute kazi nyingine." Nina watoto wawili, Baba Neema. Siku mbili nikafunga mdomo. Watu wakinyoosha viganja, natazama juu kama nahesabu mawingu.

Jana asubuhi bosi alishusha kwenye gari gunia la shamba la mkewe. Akalifungua mwenyewe, akachota punje, akaninyooshea kiganja. Nikauma.

Haya, pumzika baba yangu. Nakuahidi nitauma mpaka meno yaishe.

Mpunga wa bosi ulikuwa mbichi.