Achille na Chujio la Roketi ya Waingereza

Mwaka umetimia leo, Achille, Papa Inès wetu, tangu presha ikuangushe kazini pale bandarini, ukatuacha hata chai yako hujaimaliza.

Tungependa kukuandikia maneno matamu tu. Ulikuwa mtu mwema: lori la jirani likizima Jumapili, ulitoka kanisani na shati lako jeupe ukaenda kulala chini yake. Lakini bado tuna hasira na wewe, na tunaisema hapa hapa mbele za watu.

Ulifeli mtihani wa fundi dizeli kwa sababu ya chujio moja la mafuta ambalo hukulikaza. Wewe, uliyefundisha nusu ya mafundi wa gereji ya malori pale bandarini! Wakati huo huo, mwanzoni mwa 2023, Waingereza walijaribu kurusha setilaiti kutoka ardhi yao kwa roketi iliyobebwa chini ya bawa la ndege, nayo ikaanguka. Baadaye tukasikia chanzo: chujio la mafuta lilichomoka. Ulicheka hadi ukakohoa.

"Munaona? Hata bazungu, ni filtre tu ndiyo ilibaangusha!"

"Basi rudia mtihani," nikakuambia mimi mkeo.

"Eish, Marcelline. Benyewe habakurudia, mi nirudie?"

Kweli, kampuni ya ile roketi ilifungwa. Lakini wewe ulikuwa na mikono yako mizima. Kila nikikukumbusha cheti, unanitajia roketi. Miaka ikapita ukiwapasia spana vijana uliowafundisha mwenyewe, na kitambulisho chako cha kazi kimeandikwa "msaidizi". Tulichoka na hiyo roketi yako! Hata mazikoni nilikulilia huku nakulaumu.

Jumamosi, tukijiandaa kuondoa matanga, tulishusha sanduku lako la vifaa tumpe binti yetu Inès, anayejifunza ufundi. Ndani ya boksi la chujio jipya tulikuta karatasi imekunjwa mara nne. Ulikuwa umejiandikisha kurudia mtihani. Tarehe yake ilikuwa siku kumi na moja baada ya sisi kukuzika.

Kwa nini hukuniambia, Achille? Ningekupigia pasi lile shati jeupe. Nisingeilalamikia tena roketi yako.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Marcelline, watoto wako Inès na Jeancy, mdogo wako Alain anayeishi Glenwood, na wenzako wote wa gerejini.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Fundi Achille.