Nyumba Isiyonuka Kahawa

Debre Markos, Jumanne

Dada Woinshet,

Huku hatujambo. Mvua zimeanza, na kuku wako ametaga ndani ya kiatu changu. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba iko kimya mno, Mama angesikia kila neno.

Tangu chuo kifungwe nasomea kitandani, kwenye simu. Mama amewakataza majirani kuja kunywa kahawa.

"Msinipigie kelele, mwanangu yuko darasani!" alimwambia Mama Zenebech mlangoni.

"Darasa gani hilo halina mapumziko? Au anaatamia mayai?"

Wiki iliyopita tulipewa jaribio kuhusu dalili za sonona na wasiwasi. Nilizipata zote: kulala mchana kutwa, kukosa hamu ya kula, kukwepa watu. Mhadhiri alinisifu mbele ya wenzangu. Kamera yangu ilikuwa imezimwa. Nilikuwa na siku sita sijaoga.

Tafadhali mpigie Mama, umwambie akaange buni tena na awaite majirani wote. Nilitaka kumwambia mwenyewe. Yuko chumba cha pili tu, Dada, lakini nashindwa kufika.

Mdogo wako,
Yitbarek